Nyumba Waliyompa Anatole kwa Ajili ya Macho

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilifika kambini mapema kuliko kapita mwenyewe, msimamizi wetu, na rula ya mti niliyojichongea mfukoni. Hakuna aliyenifundisha kupasua mbao. Nilijifunza kwetu Ngungu kwa kuwatazama wapasuaji, kisha kujaribu peke yangu kwa msumeno wa kuazima. Ndiyo maana nilikuwa na woga usioisha: nilingoja siku mtu mwenye kujua aje aniambie kwamba yote nifanyayo ni makosa. Kampuni ilichimba madini katika pori la Walikale, nayo ilihitaji mbao za kushikilia mashimo na za kutengenezea mifereji ya kuoshea mchanga.

Ninyi mnaonunua mbao zimekwisha kukatwa, jueni tulivyofanya. Gogo lililazwa juu ya shimo. Mtu mmoja alisimama juu yake, mwingine akaingia chini, na msumeno mmoja mrefu ukashikwa huku na huku. Wa juu aliongoza meno yafuate mstari, ambao tuliupiga kwa kamba iliyolowekwa katika maji ya makaa. Wa chini alivuta, kwa sababu meno hukata yanaposhuka, na unga wote wa mbao ulimwangukia yeye. Desturi ya wapasuaji ilikuwa kubadilishana jua linapofika utosini.

Mwenzangu Anatole, mtu wa Ntoto, hakutaka kubadilishana. Nilipomwambia apande alicheka.

"Huko juu jua iko kali, kaka. Acha nibaki mu kivuli yangu."

Sikumbembeleza. Mstari ulikuwa wangu, na sikulala vizuri nikijua upo ubao wangu uliopinda. Lakini Anatole aliimba kutoka shimoni, na watu walikuja kumsikiliza. Wakiona mbao zilizonyooka walisema, "Mbao za Anatole hizi." Nakiri kwamba maneno hayo yalinichoma. Nilimwonea wivu kwa sauti yake, kwa kicheko chake, hata kwa namna alivyokula bila kufikiri juu ya kesho.

Halafu kampuni ikaleta mashine ya kupasua. Bwana Direkteri, mkubwa wa kambi yote, alituita asubuhi moja mbele ya stoo. Alisema kwa Kiswahili chake kifupi: "Mashine inafika. Kazi ya mikono imekwisha. Posho mutapata ya mwezi huu. Nyumba mutatoka siku ya Mungu."

Nyumba ya kambi ilikuwa mali ya kazi. Kazi ikiisha, na paa limekwisha. Mke wangu Veneranda alikuwa anakaribia kujifungua. Kwetu Ngungu shamba la baba lilikuwa limeingia ndani ya mipaka ya plantesheni, na baba mwenyewe alikuwa amejibanza kwa shemeji yake. Sikuwa na pa kumpeleka.

Kapita akatushauri twende ofisi ya teritware tukaombe msaada. Tulikwenda pamoja, mimi nikiwa nimefua shati na kurudia maneno yangu njia nzima. Bwana Teritware, aliyetawala eneo lote, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita enfirmye, aliyetibu wafanyakazi, atupime. Enfirmye alinigonga kifua, akanitazama macho, akasema mimi ni mzima. Alipoyafunua macho ya Anatole alimsogeza kwenye mwanga. Yalikuwa mekundu, na katika moja kulikuwa na wingu jeupe. Unga wa mbao ulikuwa umeyala.

Bwana Teritware akaamua palepale. Aliyeumizwa na kazi anastahili msaada: Anatole atapewa posho na nyumba katika kambi ya barabara. Kwangu alisema tu, "Wewe uko na nguvu. Tafuta kazi fasi ingine."

Tukarudi kambini kwa miguu. Sijui kama mtanielewa, lakini niliyaonea wivu macho yale. Nilimtazama mwenzangu akijikwaa kwenye mizizi, nami nikawaza: kwa nini si mimi? Nilitamani jicho langu moja liwe na wingu, nipate paa.

Jumapili, hiyo siku ya Mungu, ilipofika, tulikuwa tumeketi nje ya kambi na sufuria zetu. Anatole akaja, mkewe akimshika mkono.

"Munangojea nini? Nyumba iko na vyumba viwili."

Nilimjibu kwamba nyumba ni yake, amepewa yeye.

"Wamenipa juu ya macho," akasema. "Na macho iliharibika mu mbao yetu sisi wawili. Sasa wewe unataka nikae peke yangu kama bwana? Nitacheka na nani?"

Nikaanza kueleza kwamba ningeandika barua ofisini niombe tena, kwamba ombi langu halikuwa limepangwa vizuri. Veneranda alisimama, akajitwika kirago.

"Baba, wewe andika," akaniambia. "Mimi naenda kuzaa."

Binti yetu alizaliwa kwenye chumba cha Anatole, kile kisichovuja. Baadaye wakubwa wa barabara walinichukua nitengeneze madaraja, kwanza Walikale, kisha Masisi, na nikafika kuwa kapita wa maseremala. Lakini mtoto yule alijifunza kutembea akiufuata wimbo wa Anatole, naye Anatole, ambaye sasa hakuona tena, alimjua kwa kumpapasa mashavu. Nikirudi kutoka kazini, mtoto alikimbia kwake kwanza. Hapo pia nilisikia wivu, nikaketi mlangoni na macho yangu mazima, nikiwatazama.

Mwaka nilipostaafu nilikwenda kuomba pensheni yangu. Karani alikuwa kijana mpole, aliyeniita Papa na kunipa kiti. Aliuliza nilizaliwa wapi, nilifanya kazi gani, na wakubwa wangu walikuwa akina nani. Nilijibu yote kwa utaratibu, kama nilivyokuwa nimejiandaa. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Papa, kazi ilikuumiza mahali?"

Niliukumbuka unga wa mbao ukishuka shimoni.

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Mimi nilikuwa juu."