Darasa la Kuvuna Makofi

Sikiliza, wewe unayefundisha hesabu, au unayemsaidia mtoto wako mezani jioni. Kabla hujaniambia kwamba kiboko ndicho kilichotufanya tujue hesabu, ngoja nikueleze jinsi darasa letu lilivyoendeshwa. Nitaenda polepole.

Ilikuwa miaka ya themanini, katika shule ya msingi upande wa Kombewa, darasa la saba. Kila asubuhi mwalimu wa hesabu aliandika swali moja ubaoni, akaanza kuuliza kutoka dawati la mbele. Ukikosa, unabaki umesimama. Anayefuata akikosa, naye anasimama. Safu ilirefuka mpaka apatikane mmoja wa kupata jibu, na huyo ndiye aliyetupiga. Alipita safu nzima akimzaba kila mtu kofi la shavu. Kitendo hicho tulikiita kuvuna.

"Leo nimevuna gunia," mvulana mmoja mwenye kiganja kipana kama kasia alijigamba wakati wa mapumziko. "Shavu lako, omera, ndugu yangu, lilikuwa limeiva kabisa."

Tulicheka, hata sisi tuliovunwa, huku tukitema mate yenye damu.

Binamu yangu, binti wa mjomba aliyenilea, alikuwa hodari kutuzidi sote. Tulikaa dawati moja. Mara ya kwanza alipopata swali nililokosa, alinigusa shavu tu, kama mtu anayefukuza nzi. Mwalimu akamwita mbele.

"Kofi halipigwi hivyo. Kuja nikufundishe."

Akamfundishia kwenye shavu la binti mwenyewe, hata mdomo ukapasuka juu ya meno. Kisha akamrudisha kwangu, naye akanipiga sawasawa, akilia.

Tangu siku hiyo binamu yangu akaacha kujua hesabu. Alisimama na kutaja namba yoyote iliyomjia.

"Wewe ulikuwa mwerevu," mwalimu akamwambia. "Nani amekuroga?" Akamchapa miguuni, akamwonya kwamba akiendelea hivyo atarudishwa darasa la sita. Na mjomba alikuwa ameshasema nyumbani: msichana akirudia darasa, basi, ataenda ufuoni mwa ziwa na mama yake kuanika omena, vile visamaki vidogo vya kukausha. Kwa hiyo kila asubuhi binamu yangu alikuwa akichagua kati ya shavu langu na masomo yake.

Siku moja swali lilikuwa robo tatu kutoa theluthi moja. Sikio langu la kushoto lilikuwa likitoa usaha kwa kofi la yule mvulana wa kiganja, na yeye alikaa nyuma yetu. Nikajibu mbili. Nilikuwa nimetoa za juu, tatu toa moja, na za chini, nne toa tatu, nikapata mbili juu ya moja. Nikabaki nimesimama. Binamu yangu akageuka, akaona yule mvulana akinyoosha vidole vyake tayari kuvuna.

"Tano juu ya kumi na mbili," akasema.

"Ahaa! Amefufuka," mwalimu akasema. "Haya, vuna."

Binamu yangu hakuja kwangu. Alikwenda ubaoni, akachukua chaki, akachora mstatili na kuugawa vyumba kumi na viwili, safu tatu za vyumba vinne.

"Huu ni mkate mmoja," akaniambia, kana kwamba tulikuwa wawili tu darasani. "Robo tatu ni vyumba hivi tisa. Havijafika mkate mzima. Sasa umekata kipande umetoa, halafu unasema umebaki na mikate miwili? Wewe ni Yesu?"

Darasa likalipuka kwa kicheko. Kiboko kikamshukia mgongoni.

"Nimesema vuna!"

"Theluthi ni vyumba vinne," akaendelea. "Vifute." Kiboko kikamwangukia kwenye vifundo vya vidole, chaki ikaruka. Akafuta vinne kati ya vile tisa kwa kiganja, na ngozi iliyochanika ikaacha alama nyekundu ubaoni.

Nikaona. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliiona hesabu. "Tano!" nikapiga kelele. "Vimebaki vitano!"

Mwalimu alinipiga kwenye sikio lile lile. Mpaka leo halisikii.

Mjomba aliitwa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akamsikiliza mwalimu mpaka mwisho, na ubaoni hakutazama. "Hapa ni mtoto wako, mwalimu," akasema, kisha akavua mkanda ili aonyeshe kwamba hata kwake nyumbani mtoto hana kiburi. Alimpiga binti yake mbele yetu mpaka mwalimu mwenyewe akasema yatosha. Darasa la sita likatajwa, na mjomba akatimiza neno lake. Muhula uliofuata nilikaa dawatini peke yangu, na mikono ile ilikuwa ufuoni ikigeuza omena juani.

Nilipoanza kufundisha mjini Kisumu, miaka ya tisini, msichana mmoja alinijibu swali la namna hiyo hiyo. Alitoa za juu, akatoa za chini, na kabla sijasema neno akafunika masikio yake kwa mikono. Darasa zima likangoja nimpige.

"Umepataje?" nikamuuliza.

Ilichukua muda kabla hajaamini kwamba nauliza kweli. Alipoeleza, nikakuta kwamba alijua kutoa vizuri. Kitu kimoja tu hakuwahi kuambiwa: vipande visivyolingana ukubwa havitolewi mpaka kwanza uvikate vilingane. Kosa la mtoto lina njia liliyopitia, na njia hiyo ndiyo unayotakiwa kuirekebisha. Ukimpiga anaificha, nawe unabaki hujui utengeneze wapi. Tulimaliza kabla ya kengele. Kueleza jambo dogo hivyo ndiko kulikomtoa binamu yangu shuleni.

Kesho mtoto akikosa hesabu, weka mikono yako chini, muulize amefikaje kwenye jibu hilo, na usiseme neno mpaka amalize.