Filta ya Kukata Mng'aro

Picha pekee ya baba na mama ilikuwa imegandana na kioo cha fremu. Paa la nyumba yetu ya Gongoni lilivuja masika moja, maji yakaingia nyuma ya kadibodi, na tangu hapo karatasi na kioo vikawa kitu kimoja. Kuibandua ilikuwa kuiua. Tulikuwa watatu, mimi na wadogo zangu wawili wa kike, na yule wa mwisho alimjua mama kwa picha hiyo tu.

Mwaka watu walipokuwa wakihamishiwa vijijini, baba mkubwa alituma salamu kutoka Goweko: amepewa kiwanja katika kijiji kipya, na Ijumaa atakuja kuichukua picha. Kwetu, picha ya marehemu hukaa kwa mkubwa wa ukoo. Watoto wa marehemu wakae kwa nani, hilo hakuna aliyeliuliza. Aliagiza pia kwamba fremu isitoke nyumbani kabla hajafika.

Mimi niliacha shule darasa la sita, wiki ile ile tuliyomzika baba, nikaingia studio ya picha mjini. Kwanza nilifagia, baadaye nikaosha filamu. Nilitaka kuipiga picha ile picha, kila mdogo wangu apate nakala yake. Mwenye studio alikubali kuniazima kamera ya macho mawili Ijumaa asubuhi, yenye filamu iliyobaki picha tano.

"Lakini kioo kitakurudishia mbingu nzima," akaniambia. "Tafuta filta ya kukata mng'aro. Na uangalie usiuziwe kioo cheusi cha miwani."

Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kutafuta. Nilimpata mzee mmoja wa mjini aliyekuwa akimalizia mabaki ya duka lake. Akanitolea filta mbili kutoka kwenye kopo la vifungo. Moja ilikuwa safi, ndani ya kikasha chake. Ya pili ilikuwa na mkwaruzo na pete yake imepinda. Nilifanya kama nilivyofundishwa: nikasimama upande wa kabati lake la vioo, nikatazama kupitia filta huku nikiizungusha. Ile safi ilitia giza tu, uizungushe usiizungushe. Ile mbovu, ilipofika mahali fulani, mng'aro ulizimika nikaona viberiti vilivyopangwa ndani.

"Unaacha nzima unachukua mbovu?" mzee akashangaa.

"Hii ndiyo inayoona, babu."

"Haya. Vijana wa siku hizi mnanunua hata chongo."

Bei yake haikuwa kubwa, lakini ilikula kitenge nilichomwahidi mdogo wangu mkubwa kwa Idi. Aliishika filta, akaigeuza mbele na nyuma.

"Kaka, hii nitajifunga wapi?"

Pete haikulingana na lenzi. Niliibana kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli.

Kamera ile unatazama kwa jicho la juu, lakini picha inaingia kwa jicho la chini. Kwa hiyo filta unaiweka kwanza juu, unaizungusha mpaka mng'aro uishe, unaikariri alama ya kwenye pete, ndipo unaihamishia chini vilevile, na unaongeza muda kwa sababu filta hula mwanga. Ijumaa niliegemeza fremu kwenye ukuta wa uani, nikakaa upande kidogo. Ukikikabili kioo moja kwa moja filta haisaidii. Nikazungusha. Mbingu ikaondoka, na mama akatokea.

"Hodi!"

Mkubwa hasalimiwi na mtu mwenye kitu mkononi. Niliiweka kamera kwenye kigoda kama ilivyo, nikaenda kuinama mbele ya baba mkubwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unapiga picha ya picha? Kesho utapiga ya kivuli."

"Ni kwa ajili ya wadogo zangu, baba."

"Fanya hima. Lori linaloningoja halina ukoo na sisi."

Lakini yeye hakufanya hima. Aliniulizia mvua, kazi, wagonjwa, na habari za kila jirani, nami nilijibu moja moja huku nimeinama. Aliponiachia, nilirudi mbio nikachungulia juu ya kamera. Nyuso zilikuwa safi. Nikapiga zote tano.

Filta ilikuwa bado kwenye jicho la juu.

Niligundua nilipoifungua kamera studio, na lori lilikuwa limekwisha ondoka na fremu. Niliosha filamu hata hivyo. Kwenye picha zote tano kulikuwa na mbingu nyeupe na kamba ya nguo. Baba alionekana kuanzia magotini kushuka chini, na viatu vyake. Mama hakuwepo.

Baada ya mavuno ya tumbaku niliazima kamera tena nikaenda Goweko. Fremu ilikuwa ukutani sebuleni. Ndani yake mlikuwa na cheti cha baba mkubwa cha mkulima bora.

"Ile picha iligoma kutoka," mama mkubwa akaniambia. "Tulipoivuta, sura zikabaki kwenye kioo. Nikakisugua kwa majivu. Tazama kilivyotakata."

Niliwashukuru kwa chakula, nikaondoka.

Nyumbani, mdogo wetu wa mwisho alikuwa akinisubiri mlangoni.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Mama amevaa nini?"

Nikamwambia amevaa gauni la maua, na kanga begani. Akauliza bega gani. Nikamwambia la kulia. Sikuwa na hakika.