Programu yangu imenitangaza marehemu

Leo nimeliliwa nikiwa hai, na kosa ni langu.

Niliuandikia ukoo wetu programu: ukimwandika mtu marehemu, kisikilizi, yaani sehemu inayongojea badiliko kama hilo, kinatuma tangazo la kifo kwa simu zote.

Nilitaka kuikagua kabla sijaondoka duniani. Nikaondoa kisikilizi, nikajiandika marehemu.
Ningemwandika nani mwingine? Mgonjwa ni mimi.

Kumbe hakikuondoka! Kukiondoa lazima utaje funkisheni, yaani kile kifungu cha maagizo, ileile uliyoisajili. Mimi niliandika nyingine inayofanana nayo, na programu haikunionya, ikatuma tangazo. Inaudhi!

Mke wa ndugu yangu akaja mbio kutoka Homa Bay akipiga nduru. Akanikuta nakunywa uji.

"Shemeji! Kumbe uko?"
"Nisamehe, nilikuwa najaribu."
"Kufa hakujaribiwi! Mimi nimeshalia. Ukifa kweli, sirudii."

Jamani, nani bado ana machozi?