Kliniki Iliyofutika kwenye Ramani ya Satellite

Saa mbili asubuhi, mwaka huu wa 2009, Jacklyne Ajwang anafungua saiba, duka la intaneti analolisimamia katikati ya jiji la Nairobi, anawasha kompyuta, kisha anaketi kwenye ile ya pembeni. Wateja hawajaja. Huu ndio wakati wake wa kuchora ramani.

Ni ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuongeza kitu: duka, kanisa, njia ya mkato. Jacklyne ameujaza karibu mtaa mzima wa Satellite, anakoishi, bila malipo. "Huku watu huelekezana na kioski," anasema. "Kioski ikihama, mmepotea wote."

Usafi wa kazi ndio uliomponza. Mwezi jana aliona kliniki ya uzazi ya muuguzi Wahu imewekwa kama nukta tu. Akaifuta, akachora jengo zima na kuta zake. Likapendeza kweli.

Hakujua kwamba kila kitu kwenye ramani hiyo kina nambari yake, na ukikifuta, nambari inakwenda nacho. Kiungo cha ramani alichokuwa amemwekea Wahu kwenye tovuti ya kliniki kilitegemea nambari ya zamani. Mbugua, karani wa Parklands, alikibofya mkewe aliposhikwa na uchungu. Ukurasa ulikuwa mtupu. Mtoto akazaliwa ndani ya teksi, wakiulizia njia, na wakaishia hospitali nyingine.

Mama na mtoto ni wazima. Wahu hakumung'unya maneno. "Jacky, hiyo link yako natoa. Siwezi zalisha watu kwa barabara."

Jacklyne aliomba muda. "Nikajiuliza, kwani lazima iwe nambari?" Sasa ameunda kiungo kinachobeba jina la mahali, aina yake na mtaa, ili kompyuta ikitafute kitu hicho upya kila kiungo kinapobofywa. Anataka wachoraji wote wakubaliane na muundo huo. Wenzake wanambishia: je, kliniki mbili zikiitwa jina moja? Swali hilo linamuumiza kichwa, na analipenda.

Leo anaifuta kwenye ramani ploti anayoishi mwenyewe, anaichora tena, anabofya kiungo chake kipya. Ramani inafunguka palepale.

Mchana, barua pepe ya Mbugua, aliyepewa anwani yake na Wahu, inaingia. "Mtoto ana chanjo Ijumaa hapo kwa Wahu. Nitumie link, lakini hii iwe ya ukweli."

Ameituma. Siku hiyo ataomba ruhusa kazini, asimame kwenye geti la kliniki.

"Nataka nimuone akifika," anasema, "bila kuuliza mtu."