Mgogo hakunijibu

Leo nimemtibu Mgogo miguu, na shule niliishia darasa la nne!

Uongo. Nimemliza.

Chilewa, fundi cherehani jirani yangu hapa Ng'ambo, ni mtani wangu. Mimi Mnyamwezi, yeye Mgogo. Tunatukanana tangu ujana, na kununa ni mwiko.

Asubuhi kibarazani miguu yake haikutulia hata kidogo. Nikapaza sauti: "We Mgogo, cherehani umeiacha dukani, hapa unashona nini? Upepo?"

Watu wakacheka. Nikasubiri tusi langu.

Yakamtoka machozi.

Mkewe akanivuta pembeni. "Shemeji, usiku miguu inamtambaa kama ina siafu ndani. Halali. Sasa hataki kula wala kuona watu; hapa barazani namtoa kwa kumbembeleza. Kapewa dawa ya huzuni, na miguu ndiyo imezidi."

"Itupe hiyo dawa!" nikasema. (Daktari mimi!)

Shemeji akanikata jicho. Tukampeleka hospitali.

Daktari kasema asiiache kienyeji. Zipo dawa za huzuni zinazochokoza miguu ya namna hiyo, kwa hiyo atambadilishia taratibu, na atampima madini ya chuma kwenye damu, maana yakipungua nayo huchokoza miguu. Miguu na huzuni vitatibiwa pamoja.

Na mimi siku zote hizo nilikuwa nachekesha baraza kwa miguu yake. Inaniuma, jamani.

Chilewa, najua unasoma. Nakudai tusi moja la leo asubuhi.

Nitukane hapa chini, hata kidogo tu.