Bruda ya Baba Mdogo Machage

Baba Mdogo Machage alizaliwa Butiama kwenye boma la ng'ombe, na nadhani hata siku ya ubatizo wake alinuka maziwa. Amefanya kazi Musoma mjini miaka thelathini, akikata minofu ya sangara kiwandani, huku ng'ombe wake wakitunzwa kijijini na kaka yake, Baba Mkubwa Wanzagi. Alipokaribia kustaafu ili akawachunge mwenyewe, mkewe, Mama Mdogo Flora, akaugua figo. Ng'ombe wote wakauzwa, Mama Mdogo akatibiwa Mwanza, akapona. Baba Mdogo hakunung'unika hata siku moja. Ila mimi nakaa nyumba ya pili kutoka kwake hapo mtaani Kigera, nilimwona jioni barazani, mikono magotini, hana la kufanya. Kwetu mwanamume asiye na mifugo hana hata la kuongea na wenzake.

Ndipo akaleta vifaranga chotara mia moja. Akawatengea chumba cha uani, akamwaga maranda, akaning'iniza taa za joto, akakiita bruda kama alivyosikia redioni. Chotara hutoka rangi rangi, basi akawaita kwa rangi zao kama alivyokuwa akiwaita ng'ombe wake. Nilimcheka, halafu nikajikuta nami nawaita hivyohivyo.

Siku ya kumi na mbili wakaanza kushusha mabawa. Wakahema midomo wazi, wakaharisha kijani, na kabla ya Jumapili hakubaki hata mmoja. Akamlaumu aliyemuuzia, akaleta wengine kwa mtu mwingine. Nao wakaenda njia hiyohiyo. Aliwazika mwenyewe nyuma ya choo, hakutaka msaada wa mtu. Akaniambia ataleta mara moja tu tena. Hao nao wakifa, chumba atampa Mama Mdogo aweke kuni, na asije mtu kumletea habari za mifugo mpaka anaingia kaburini. Niliumia, kwa sababu Baba Mdogo si mtu wa vitisho. Akisema amesema.

Safari hii nilimwita bwana mifugo wa kata, ambaye ni binti anaitwa Agness. Hakuanza na chakula wala maji. Aliuliza chanjo walipewa lini, na nani anaingia humu. Kuhusu chanjo Baba Mdogo alikohoa tu. Kuhusu wageni akajibu kwa fahari: mwinjilisti, kwaya ya akina mama, dada yake kutoka Guta na matope yake miguuni, wote. Maana kwetu mgeni akifika, kabla ya chakula anapelekwa zizini. Ukimficha ng'ombe wako umemwambia mgeni kwamba ana jicho baya. Na wageni wale karibu wote wana kuku wao nyumbani, wametoka kuwakanyagia kinyesi asubuhi. Kumbe heshima yetu ndiyo iliyokuwa ikiingiza kideri, ugonjwa uliowamaliza vifaranga, mpaka ndani.

Agness akaweka sheria. Chanjo kwa tarehe, beseni la dawa mlangoni, na asiingie mtu isipokuwa mwenyewe, kwa kandambili za humo humo. Baba Mdogo aliitikia kama mtu anayemeza mwarobaini.

Kundi la tatu la vifaranga likaletwa. Kazi ya kufukuza wageni niliichukua mimi, maana mdomo ninao, na wanakwaya mpaka leo hawanisalimii vizuri. Siku ya tisa wote walikuwa hai. Siku hiyohiyo akafika Baba Mkubwa Wanzagi kutoka Butiama.

Katika salamu akataja, kama habari ndogo tu, kwamba kuku wake wote wamekufa wiki ile. Kisha akachukua fimbo yake, akaelekea uani. Baba Mdogo akawahi mlango.

"Kaka, humu huingii."

Sijawahi kusikia mdogo akimwambia kaka yake hivyo. Baba Mkubwa akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama anaambiwa ana jicho.

"Jicho huna. Una viatu," alisema Baba Mdogo. "Baba alikuwaga analeta ng'ombe wa mnadani anawachanganya siku ileile?"

Baba Mkubwa akashusha fimbo yake.

"Hapana," akasema. "Siku saba, nje ya boma."

Akarudi barazani, akaketi, akamwomba Mama Mdogo maji ya kuoga, kisha akauliza atalala wapi. Mzee ambaye hata msibani halali ugenini! Nguo zake zikachemshwa, akavaa suruali za mdogo wake zinazomwishia juu ya vifundo, na kwa siku saba akalalamikia dagaa wetu, godoro letu na redio ya jirani. Kila asubuhi alisimama mbali na mlango, akauliza wameamkaje. Niliwapenda wazee hawa wawili mpaka nikawa naogopa kuwatazama.

Siku ya nane tangu afike alikanyaga beseni la dawa, akaingia nyuma ya mdogo wake. Mimi nilichungulia dirishani. Akachuchumaa kwenye maranda, vifaranga wakamdonoa vidole vya miguu, naye akawatazama mmoja mmoja mpaka nikadhani anawadharau.

"Machage," akasema mwishowe, "nimekuja kuomba mtamba."

Mtamba ni ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, na kwetu haombwi kwa mtu yeyote tu. Anaombwa kwa mwenye mifugo. Baba Mdogo aligeukia ukuta. Alipogeuka akasema atampa, ila atamchukua chanjo zikikamilika na banda la Butiama likisafishwa.

Kisha akapiga magoti akaanza kumchagua kati ya vifaranga. Kwa umri ule hata Agness hawezi kuapa yupi jike yupi jogoo. Ilimchukua nusu saa, na kaka yake akamsubiri.