Sauti Isiyovuta Pumzi

Juzi niliona kinanda cha umeme cha zamani kwenye stoo ya parokia, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, baada ya kumzika mama, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya.

Kanisa lilinukia ubani na ulezi wa sadaka. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa akibonyeza vitufe vya kinanda hicho, kilichonunuliwa mpakani Tunduma miaka ile maduka yalipoanza tena kujaa vitu. Alitaka kiimbe kama mtu. "Aaa" ilikuwa ikijifumba polepole kuwa "ooo", kama mdomo. Nje jenereta lilinguruma, na upepo ulitikisa mabati.

"Mjomba, umemweka mama humo?"

"Acha hizo, mwanangu. Ni umeme tu."

"Shikamoo, mama," nikasema.

Mjomba hakuondoa vidole kwenye vitufe. Niliweka sikio kwenye spika. Mama alipoimba alivuta pumzi kila mwisho wa mstari, lakini sauti hii haikuvuta hata kidogo. Leo najua mashine haina mapafu. Siku ile nilijua tu kwamba mama amekufa, kwa hiyo hahitaji tena pumzi.

"Usimzime," nikamwambia.

Hakuzima. Tulimsikiliza mpaka jenereta lilipoishiwa mafuta.